Mbwa Amezaa: Tufanye Nini?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanakisomo na wanakijiji, chini ya mwembe wa shule)

  

Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya kulea watoto wa mbwa. Tulipotaja habari hii juzi, wengine walicheka. Walisema, "Mbwa naye ana somo? Mbwa hujilea mwenyewe!" Tunawaomba, jamani, msicheke kwanza. Sikilizeni mpaka mwisho. Hata sisi tulifikiri hivyo hivyo, na kwa kufikiri hivyo mtoto wa jirani yetu alikaribia kufa.

Wazee walisema: kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Neno hilo ni la watu, lakini na kwa mbwa ni kweli.

Sisi ni watu wa kaya moja. Yupo bibi, yupo baba, yupo mama, na watoto wanne. Tunakaa mkoa wa Mara, upande wa magharibi wa Serengeti. Tuna mbuzi, kondoo, na ng'ombe wachache. Fisi huku kwetu ni wengi. Wezi wa mifugo nao wapo. Bila mbwa hatulali usingizi. Mbwa wetu jike anaitwa Sikujua. Jina hilo alipewa na bibi, na mtaona baadaye kwamba lilitufaa sisi wenyewe.

JINSI TULIVYOKOSEA

Sikujua alizaa mara ya kwanza wakati wa masika. Alizaa watoto saba nyuma ya ghala, chini kwenye tope. Sisi tulifanya nini? Hatukufanya kitu. Tulisema mbwa ni mnyama, atajua mwenyewe.

Usiku wa kwanza mvua ilinyesha. Asubuhi tulikuta watoto wawili wamekufa kwa baridi. Baada ya wiki tatu mmoja alivimba tumbo, akakonda miguu, akafa. Hiyo ilikuwa minyoo. Wakabaki wanne.

Walipofika wiki ya tano tulichoka nao. Usiku wanalia. Mchana wanaiba mayai. Mama yao amekonda, mbavu zinahesabika. Basi tukawagawa haraka haraka. Mmoja alichukuliwa na jirani. Wawili walichukuliwa na vijana wachungaji. Wa nne, tuseme ukweli, tulimwacha mnadani ili aokotwe na mwenye kumtaka.

Siku zile zile watu wa chanjo walikuja kijijini. Tulimpeleka Sikujua peke yake. Watoto wake hatukuwapeleka. Tulikuwa tumesikia kwamba eti mtoto wa mbwa hachanjwi mpaka amalize miezi mitatu. Na waliowachukua nao hawakuwapeleka. Kila mmoja alimwachia mwenzake.

Miezi mitano ikapita. Yule mbwa wa jirani akaanza kubadilika. Akawa anaunguruma bila sababu. Akamuuma mtoto wa mwenye nyumba, kijana wa miaka saba, kwenye kidole. Kidonda kilikuwa kidogo kama mkwaruzo wa mwiba. Mama yake akapaka masizi, mambo yakaisha. Kesho yake mbwa akamuuma mbuzi. Sauti yake ikawa ya kukwaruza, mate yakawa yanamchuruzika. Siku ya nne akafa.

Bwana mifugo alipopata habari alikuja mbio na pikipiki. Hakumuuliza mtu habari za mbwa. Aliuliza, "Yuko wapi aliyeumwa?" Kidonda kikaoshwa hapo hapo kwa sabuni na maji mengi. Mtoto akapelekwa zahanati. Chanjo haikuwepo. Ikabidi aende hospitali ya wilaya. Nauli haikuwepo. Jirani aliuza mbuzi, na sisi tukauza mbuzi. Akaenda mara ya kwanza, akaenda mara ya pili, mpaka akamaliza sindano zote.

Mtoto alipona. Leo anasoma darasa la tano. Lakini yule mbuzi aliyeumwa alipata kichaa akafa. Jirani yetu alituuliza neno moja ambalo mpaka leo hatujalisahau. Alisema, "Ndugu zangu, mlinipa mbwa, au mlinipa maradhi?"

Hatukuwa na jibu. Tulisema tu, "Hatukujua."

Ndugu wanakisomo, mbwa yule hakuzaliwa na kichaa. Kichaa cha mbwa huambukizwa kwa mate, hasa kwa kuumwa na mnyama mgonjwa. Yule aliumwa na mbwa koko au bweha huko machungani. Lakini angekuwa amechanjwa, angekuwa na kinga. Hilo ndilo kosa letu.

Sikujua alipobeba mimba tena tuliamua kujifunza. Tulimwuliza bwana mifugo, tukasoma, tukaandika katika daftari. Haya tunayowaambia leo yametoka katika daftari hilo.

KABLA YA KUZAA

Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi, yaani wiki tisa. Hapa kisomo kinasaidia. Andika tarehe aliyopandwa, kisha uhesabu. Siku zinaweza kupungua au kuzidi kidogo, lakini hutashtukizwa.

Katika wiki za mwisho mwongezee chakula. Usimpe kingi kwa mara moja, maana tumbo limejaa watoto. Mpe kidogo kidogo, mara tatu kwa siku. Maji safi yawepo wakati wote.

Mtengenezee mahali pa kuzalia. Sisi tulitumia pembe ya banda la kuni. Tulitaka mahali pawe pakavu, pasipo na upepo, pasipo na makelele. Tuliinua sakafu kwa mbao ili maji yasiingie. Tukatandika nyasi kavu na gunia safi. Mlangoni tukaweka ubao wa kimo cha kiganja. Mama huuruka, lakini mtoto hawezi kutoka na kupotea usiku.

SIKU YA KUZAA

Siku hiyo mwacheni atulie. Watoto wasijae kumtazama kama ngoma. Akae mtu mmoja tu ambaye mbwa amemzoea.

Kila mtoto hutoka ndani ya mfuko wa utando mwembamba. Mama huupasua kwa meno, hukata kitovu, humlamba mtoto mpaka alie. Mwacheni afanye kazi yake. Ila kama amechoka na hapasui, pasua wewe upande wa pua na mdomo. Pangusa pua. Kisha msugue mtoto kwa kitambaa kikavu mpaka apumue vizuri, umrudishe kwa mama.

Kati ya mtoto na mtoto inaweza kupita saa moja au zaidi kidogo. Hilo si jambo la kutisha kama mama ametulia. Lakini akisukuma kwa nguvu nusu saa na zaidi, wala mtoto hatoki, itafute haraka msaada wa bwana mifugo.

Maziwa ya kwanza ni dang'a. Ninyi wafugaji wa ng'ombe mnaijua. Dang'a ya mbwa nayo ina kinga ya magonjwa. Hakikisha kila mtoto amenyonya siku hiyo hiyo ya kwanza.

WIKI MBILI ZA KWANZA

Mtoto wa mbwa huzaliwa haoni wala hasikii. Macho hufumbuka baada ya siku 10 mpaka 14. Usiyafumbue kwa vidole, utayaharibu. Masikio nayo hufunguka baadaye kidogo.

Tena hawezi kujipasha joto mwenyewe. Ndiyo maana wale wawili wetu walikufa. Baridi huua watoto wa mbwa kuliko mnavyofikiri. Wakilala kwa kusongamana na kulia lia, wana baridi. Sisi usiku wa baridi tuliweka chupa ya maji ya vuguvugu, tumeizungushia kitambaa kizito. Basi walilala kimya.

Mtoto mdogo huyu hawezi hata kukojoa peke yake. Mama humlamba tumbo na makalio, ndipo akojoe. Msishangae mkiona hivyo.

Angalia aliye mdogo kuliko wote. Wakubwa humsukuma asipate chuchu. Mweke kwenye chuchu za nyuma, maana huko maziwa mara nyingi ni mengi. Sisi tuliwapima kwa mzani wa kupimia dagaa, tukaandika uzito wa kila mmoja. Mtoto anayenyonya vizuri huongezeka kila siku, na katika siku kumi hivi uzito wake huwa mara mbili ya ule wa kuzaliwa. Asiyeongezeka ana shida.

Na mama yao je? Huyu anakula kwa ajili ya wengi. Akinyonyesha anahitaji chakula mara mbili au hata mara tatu ya siku zake za kawaida. Mpe ugali wa dona, dagaa, supu ya utumbo uliopikwa, maharage yaliyobaki. Usimpe mahindi yaliyoota ukungu kwa kusema ni ya mbwa. Ukungu ule una sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumu hiyo, na mbwa nao huwaua.

Mpapase ziwa kila siku. Likiwa gumu na la moto, au usaha ukitoka, ni ugonjwa. Akianza kutetemeka na kukakamaa miguu, usingoje kesho. Mwite bwana mifugo siku hiyo hiyo.

MAMA AKIFA

Mama akifa, tafuta kwanza jike mwingine anayenyonyesha. Mara nyingi hukubali ukiwachanganya na watoto wake. Kama hayupo, mtawanyweshea wenyewe. Maziwa ya mbwa ni mazito. Mafuta yake ni zaidi ya mara mbili ya maziwa ya ng'ombe. Kwa hiyo usiongeze maji katika maziwa ya ng'ombe. Ongeza kiini cha yai, koroga, yawe vuguvugu. Wanyweshe kidogo kidogo kila baada ya saa tatu, hata usiku.

Shika neno hili: mtoto wa mbwa anyweshwe akiwa amelala kifudifudi, kama anavyonyonya. Usimlaze chali kama mtoto wa mtu. Maziwa yataingia mapafuni, atakufa. Akisha kunywa, msugue makalio kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu ili akojoe.

WIKI YA TATU HADI YA NANE

Wiki ya tatu wanaanza kutembea na meno yanatoka. Meno yale huuma ziwa la mama, na mama huanza kuwakimbia. Huo ndio wakati wa kuanza chakula.

Sisi tulipika uji mzito wa dona. Tukatia dagaa waliooshwa mchanga na kupondwa. Siku nyingine tulitia yai au maziwa. Tukauacha upoe, tukaumimina kwenye sinia kuukuu. Siku ya kwanza walitembea juu ya uji badala ya kuula! Siku ya tatu sinia lilikuwa jeupe. Wape mara nne kwa siku, kidogo kidogo. Wakifika wiki ya saba au ya nane wanaweza kuacha ziwa kabisa.

Yako mambo manne ya kukataza.

Kwanza, mifupa ya kuku iliyopikwa. Huvunjika kama sindano na kutoboa utumbo.

Pili, ini au mapafu yenye vifuko vya maji. Mkichinja mbuzi au kondoo, mkaona vifuko hivyo, msiwatupie mbwa. Ndani yake mna mbegu ya tegu mdogo wa mbwa. Mbwa akila, tegu huyo hukua utumboni mwake, na mayai hutoka katika mavi. Mtu akiyameza, huota vifuko hivyo katika ini lake mwenyewe. Choma moto au fukia shimo refu.

Tatu, kuwaogesha watoto wa mbwa kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Wengi wamekufa hivyo. Viroboto wa mtoto mdogo waondoe kwa chanuo na maji ya vuguvugu yenye sabuni, kisha umkaushe vizuri. Badilisha na nyasi za kulalia.

Nne, kula chombo kimoja na watu. Mbwa wawe na sinia lao. Tunao majirani ambao kwa dini yao mate ya mbwa ni najisi. Tuwaheshimu. Mbwa akae nje, na chombo chake kiwe chake.

MINYOO

Watoto wa mbwa hupata minyoo tangu tumboni mwa mama yao, tena hupata mingine katika maziwa. Kwa hiyo usingoje mpaka tumbo livimbe. Dawa huanza wiki ya pili, hurudiwa kila wiki mbili mpaka wiki ya nane. Bwana mifugo ndiye atakayepima uzito na kusema kipimo. Usikadirie dawa ya ng'ombe kwa macho.

Minyoo hiyo haimdhuru mbwa peke yake. Mayai yake hukaa katika udongo. Mtoto wa mtu akichezea udongo na kutia mkono mdomoni huyameza. Yanaweza kumdhuru mpaka macho. Fukieni mavi ya mbwa. Na watoto wanawe mikono kwa sabuni wakisha cheza na mbwa.

KUWAZOESHA

Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa mbwa hujifunza sana kati ya wiki ya tatu na wiki ya kumi na mbili. Asiyeguswa na mtu siku hizo huwa mwoga, na mbwa mwoga ndiye aumaye ovyo. Basi watoto wa nyumbani wawashike kila siku, kwa upole, bila kuwavuta mikia. Wasiwaguse wakila, wala wakilala kwa mama yao.

Kama unataka mbwa wa kulinda mbuzi, mkae naye karibu na zizi tangu udogo. Alale akisikia harufu ya mbuzi. Akikua atawaona kuwa ni jamaa zake.

CHANJO

Sasa tumefika kwenye jambo lililotuleta hapa.

Kichaa cha mbwa hakina tiba. Dalili zikisha toka kwa mtu, karibu kila mara ni kufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa ugonjwa huu. Katika kila watu 100 wanaoupata, 99 hupata kwa mbwa. Na watoto ndio huumwa zaidi, kwa kuwa wao ndio wachezaji na mbwa.

Lakini kinga ipo. Mwaka 1885 mtaalamu wa Ufaransa, Louis Pasteur, alimchanja kijana aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Kijana yule alipona. Tangu hapo zimepita zaidi ya miaka mia moja. Hakuna sababu ya mtoto wa kijiji kufa leo kwa ugonjwa huu.

Wataalamu wanasema tukichanja mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia. Haya, tufanye hesabu. Tuseme kitongoji kina mbwa 50. Kati yao 15 ni watoto. Wakubwa ni 35. Tukichanja wakubwa wote, tumefika 70 katika 100, bila kubaki nafasi. Lakini wakubwa watano wamekimbilia porini siku ya chanjo. Wamechanjwa 30. Hiyo ni 60 katika 100. Kinga ya kitongoji imevunjika. Kwa nini? Kwa sababu watoto wa mbwa tuliwaacha nyumbani.

Kwa hiyo ule usemi wa "mdogo mno" tuuache. Shirika la Afya Duniani linasema katika kampeni mbwa wote wachanjwe, hata wasiofika miezi mitatu. Kisha arudiwe kila kampeni inapokuja. Sisi mara ya pili tulibeba watoto wote sita wa Sikujua ndani ya kikapu. Walikuwa na wiki saba. Hakuna aliyedhurika.

Yapo na magonjwa mengine ya watoto wa mbwa. Upo wa kuharisha damu, na upo uitwao distempa, wenye kutoa makamasi na kutetemesha mwili. Mwaka 1994 distempa iliingia kwa simba wa Serengeti. Karibu simba mmoja katika kila watatu alikufa. Wataalamu waliona kuwa chanzo ni mbwa wa vijiji vya kandokando, yaani mbwa kama hawa wetu. Muulizeni bwana mifugo kama chanjo ya magonjwa hayo ipo.

MTU AKIUMWA

Akiumwa mtu, hata kwa mkwaruzo mdogo, fanyeni hivi. Osheni kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15. Msipake masizi, wala mafuta ya taa, wala majani. Nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Kama zahanati haina chanjo, ulizeni iliko, mwende. Malizeni sindano zote kwa tarehe mtakazoandikiwa. Ugonjwa unaweza kujificha miezi miwili mitatu, kwa hiyo msidanganyike kwa kuwa mtoto anacheza.

KUWAGAWA

Watoto sita tuliwagawa walipomaliza wiki nane, si kabla. Aliyetaka mbwa tulimwuliza: utamlisha nini? Atalala wapi? Utampeleka chanjo mwakani? Asiyejibu hakupewa. Aliyepewa alipewa na karatasi. Tuliandika tarehe ya kuzaliwa, tarehe za dawa ya minyoo na tarehe ya chanjo. Wawili walikosa watu, tukakaa nao mpaka walipopata.

Kumtupa mtoto wa mbwa mnadani au kumfunga guniani na kumtosa mtoni si dawa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama. Tena anayetupwa akipona huwa koko, asiye na wa kumchanja. Kichaa hukaa huko.

Kama huwezi kulea, zuia kuzaa. Jike huja kwenye joto mara mbili hivi kwa mwaka. Mfungie ndani wiki tatu. Au ngoja wataalamu wa kuhasi wakipita. Sikujua wetu amekwisha fungwa kizazi baada ya uzao ule wa pili.

MASWALI YALIYOULIZWA

Mama mmoja aliuliza: "Je, mbwa aliyechanjwa hapotezi ukali wake?" Tulimjibu: hapana. Sikujua amechanjwa mara nyingi, na fisi wanamjua.

Mzee mmoja aliuliza: "Watu hatuna chakula cha kutosha. Tutawapa mbwa mayai?" Tulimjibu: shikamoo mzee, umesema kweli. Yai si lazima. Dona na dagaa vinatosha. Lakini kama hata dona hakuna, basi tusizalishe mbwa wengi. Mbwa mmoja aliyeshiba na kuchanjwa ni mlinzi kuliko watano wenye njaa.

Kijana mmoja aliuliza: "Mbwa wangu kaniuma, lakini mzima. Niende hospitali?" Tulimjibu: osha, nenda. Na mbwa huyo usimwue. Mfunge, bwana mifugo amtazame kwa siku kumi.

Ndugu zetu, hatukuja hapa kwa kuwa tunajua sana. Tumekuja kwa kuwa tulikosea, na jirani ndiye aliyelipa. Mwaka huu tumemlipa mbuzi wake. Alikataa, tukamsihi, akapokea. Na juzi alikuja kutuuliza neno. Alitaka mtoto wa mbwa mwingine. Tulimpa, pamoja na karatasi yake.



MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Mimba ya mbwa huchukua siku ngapi? Kama alipandwa tarehe 1 Machi, atazaa karibu na tarehe gani?
2. Kwa nini mtoto wa mbwa asinyweshwe akiwa chali?
3. Mtu akiumwa na mbwa, tufanye nini kwanza, na kwa dakika ngapi?
4. Katika kitongoji chenu kuna mbwa wangapi? Wangapi wamechanjwa mwaka huu? Hesabuni pamoja, mwandike, mmpelekee bwana mifugo.